Mtufaha wa Uani Wakati wa Kipupwe cha Kigezi: Unalazwa Vipi na Unaamshwa Lini?

Mwanzisha uzi, Kabale (3 Julai)

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Kabale, katika milima ya Kigezi kusini-magharibi mwa Uganda, ambako asubuhi ya leo nimetoka uani nikiwa nimejifunga shuka mbili, na kabichi zilikuwa zimelowa umande baridi kama maji ya kisima. Huu ndio wakati wetu wa kipupwe. Mvua za masika ziliisha mwishoni mwa Mei, anga limekauka, vumbi la barabarani linapanda hadi vibarazani, na usiku kipimajoto nilichotundika dirishani kinashuka hadi karibu nyuzi 10. Kwa mtu wa Mombasa, nilikoishi miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, hii ni baridi ya kutisha. Kwa mtufaha, hii bado haijawa baridi. Hilo ndilo ninaloomba tulizungumze kwa kirefu, kwa sababu wengi wetu tuliopanda matufaha uani hapa Kigezi tunapoteza mavuno yetu katika mwezi huu wa Julai, na tunayapoteza kwa sababu ya kuuhurumia mti.

Mtufaha asili yake ni nchi zenye majira ya baridi ya kweli. Huko, siku zinapofupika na baridi inapoingia, mti huacha kukua, hupukutisha majani yote, na macho yake, yaani vile vichipukizi vidogo vilivyofumba kwenye matawi, hulala. Hayaamki kwa sababu jua limerudi tu. Huamka baada ya kupita saa za baridi za kutosha, yaani baridi iliyo juu kidogo ya kuganda na chini ya nyuzi 7 hivi, na aina nyingi za Ulaya na Marekani hudai saa 800 hadi 1,000 za namna hiyo kabla ya kuchanua vizuri. Aina zilizoletwa Kigezi mwishoni mwa miaka ya 1990, na ambazo kituo cha utafiti cha Kachwekano karibu na Ziwa Bunyonyi kimekuwa kikizishughulikia, zilichaguliwa kwa kuwa madai yake ni madogo. Anna ilizalishwa Israel. Dorsett Golden ilipatikana Bahama, visiwa vyenye joto mwaka mzima. Hata hivyo Anna hupenda kupata saa zinazokaribia 300, na sisi tunaokaa karibu na ikweta, hata tukiwa mlimani namna hii, hizo 300 hatuna.

Kwa hiyo kipupwe ambacho mti unakihitaji hakitoki angani. Inabidi mwenye mti autengenezee kwa mikono yake, na mimi sikulijua hilo kwa miaka miwili ya kwanza ya kuzaa kwa miti yangu.

Mwaka wa kwanza niliona majani yanapoteza mng'ao mwezi Julai, udongo umepasuka, nikadhani mti unakufa kwa kiu. Nikaanza kubeba maji. Kila jioni jerikani moja kwa kila mti, miti sita, na bomba letu wakati huo lilikuwa chini ya kilima. Miti ilinishukuru kwa kutoa majani mapya, marefu na laini, na hadi Desemba sikuona ua hata moja kwenye miti minne. Miwili iliyobaki ilitoa maua machache, moja leo, lingine baada ya wiki tatu, hata nyuki hawakuwa na haja ya kuja.

Mwaka wa pili nikageuka upande wa pili kabisa. Nilikuwa nimesikia kwamba huko kwao mtufaha hupukutisha majani wenyewe, nikaamua kuuacha ufanye hivyo. Nikasubiri Julai, Agosti, Septemba. Mvua za vuli zikanikuta bado nasubiri. Majani yakaanguka nusu, yakabaki nusu, yakiwa na madoa na kutu, na macho yaliyokuwa katikati ya matawi hayakufunguka tena. Hadi leo mti mmoja una tawi refu lililo tupu kama fimbo ya mchungaji, lenye kishungi cha majani kwenye ncha tu. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye alikuwa amepanda kabla yetu wote, alilishika tawi lile akaniambia: "Mama, huu ulitaka kusinzia, wewe ukauacha uzame usingizini. Usingizi mzito huamshwa na baridi kali, na baridi hiyo hapa hatuna."

Maneno hayo ndiyo msingi wa kila ninachofanya sasa. Mti upewe usingizi mwepesi, wa mwezi mmoja hivi baada ya mavuno, kisha uamshwe kabla macho hayajazama. Jani lililokomaa ndilo linaloliambia jicho lililo kwapani mwake lisifunguke. Ukiliondoa jani hilo kwa wakati, jicho hubaki huru, na maji yakifika mizizini mti wote huchanua kwa pamoja. Wakulima wa Batu, katika kisiwa cha Java kule Indonesia, wanaishi kwa utaratibu huu. Wanapukutisha majani kwa mkono na kuvuna mara mbili kwa mwaka, nao wako karibu na ikweta kama sisi.

Kwangu mimi utaratibu ni huu. Nimemaliza kuvuna wiki iliyopita. Tangu siku ile sijamwagilia mti wowote mkubwa na sitamwagilia mwezi huu wote, ila nimeweka matandazo ya nyasi kavu na mabua ya mtama, unene wa kiganja, kuanzia shibiri moja kutoka shinani hadi pale matawi yanapoishia. Nasisitiza hiyo shibiri moja. Miche mingi tuliyo nayo hapa imeunganishwa juu ya shina mama (sehemu ya chini yenye mizizi) la aina ya MM106, ambalo linastahimili vidukari wenye sufu lakini huoza shingo kwa urahisi pale matandazo yenye unyevu yanapolala juu ya gome. Wiki ya kwanza ya Agosti nitapogoa, nitapukutisha majani, nitainamisha matawi, kisha nitarudisha maji. Maua huja wiki ya tatu au ya nne baada ya hapo, kabla mvua ya vuli haijawa nzito.

Miche isiyotimiza miaka miwili haimo katika hesabu hii. Hiyo haina mizizi ya kustahimili kiu, na inyweshwe maji kipupwe chote.

Ningependa kusikia kutoka kwa wenzangu, hasa walioko Kisoro, Rukungiri na milima ya Elgon, mnafanyaje miezi hii.

Mchangiaji wa Kisoro (4 Julai)

Mama, asante sana kwa uzi huu. Nina miti mitatu nyuma ya nyumba, na nikisoma habari za lile tawi tupu nimetoka nje kwenda kuangalia ya kwangu, nikakuta matawi mawili ya namna hiyo hiyo. Nilikuwa nadhani ni ugonjwa.

Naomba unifafanulie mambo mawili. Kwanza, nitajuaje kwamba majani yamekomaa vya kutosha kuondolewa? Pili, mti wangu mmoja umekuwa mkubwa, una majani ambayo hata siwezi kuyakadiria idadi, na nimesikia kwamba kuna watu wanaopuliza mbolea ya yurea iliyokolezwa ili majani yaungue na kuanguka yenyewe. Je, si nafuu kuliko kukaa juu ya ngazi siku nzima?

Mzee wa Mbale (4 Julai)

Salamu kwenu nyote. Mimi si mkulima wa matufaha bali wa kahawa, juu kidogo ya Mbale, lakini mama amesema jambo ambalo sisi wa kahawa tunaliishi bila kulipa jina. Mkahawa hutengeneza macho ya maua, kisha macho hayo husimama na kungoja. Husimama katika ukavu wa Januari na Februari, yakiwa madogo na ya kijani, hata mgeni akipita hawezi kuyaona. Mvua ya kwanza ya kweli ikinyesha, hesabu siku saba hadi kumi, na shamba zima litakuwa jeupe na harufu yake itafika barabarani. Lakini mkahawa ulionyweshwa maji kidogo kidogo wakati wote wa ukavu, kwa mfano ule ulio karibu na jikoni ambako watu humwaga maji ya kuoshea vyombo, huchanua vipande vipande, na wakati wa kuchuma unakuta mbivu, mbichi na ua kwenye tawi moja.

Kwa hiyo sishangai kwamba kumwagilia mwezi wa Julai kuliwaharibia. Kiu ya wakati wake ni sehemu ya malezi ya mti. Ninachotaka kuuliza ni kuhusu jua. Mti wenu mkishauvua majani yote, na jua letu la adhuhuri linapiga kutoka juu moja kwa moja, gome halipasuki?

Kijana wa Bombo (5 Julai)

Shikamooni wazee wangu. Nimenunua miche minne ya matufaha kwa mtu aliyekuwa akiuza kando ya barabara, akaniahidi kwamba itazaa hata huku Bombo, kaskazini mwa Kampala. Nimeipanda uani tangu mwaka juzi. Imekua mirefu kunizidi, majani yapo, maua hakuna. Je, nikiipukutisha majani kama mama anavyosema, itazaa?

Mwanzisha uzi, Kabale (6 Julai)

Nitajibu kwa urefu, mniwie radhi.

Ndugu wa Kisoro, tuanze na jani. Jani changa la mtufaha ni laini, linang'aa, na ukilikunja linarudi. Jani lililokomaa ni gumu kama karatasi nene, rangi yake imefifia, na ukilikunja linatoa mlio mdogo na kuvunjika katikati. Lakini usiishie kwenye jani. Liinue, utazame kwapani, mahali kikonyo kinaposhika tawi. Hapo kuna jicho, dogo kuliko punje ya mtama, la rangi ya kahawia, na juu yake limefunikwa na manyoya meupe kama vumbi la unga. Ikiwa jicho hilo limevimba na kuwa la mviringo, hilo lina ua ndani yake. Ikiwa ni jembamba na limelalia tawi kana kwamba limebandikwa, hilo ni la jani. Tawi lenye macho ya mviringo kwenye vitawi vyake vifupi liko tayari. Tawi ambalo ncha yake bado inatoa majani mapya haliko tayari, na mti wenye matawi mengi ya namna hiyo bado unapata maji mahali fulani. Chunguza kama mfereji wa bafu au maji ya paa hayaishii mizizini mwake.

Kuhusu kupukutisha, msivute jani kuelekea chini kama mtu anayekamua ng'ombe. Ukifanya hivyo unang'oa ganda pamoja na jicho, na jicho hilo ndilo tufaha lako la Desemba. Mimi nashika jani kwa vidole viwili, nalikata kwa kucha au kwa mkasi mdogo katikati ya kikonyo, na kipande cha kikonyo kinachobaki hukauka na kudondoka chenyewe baada ya siku chache. Kazi ni ndefu, sikatai. Mti wangu mkubwa kuliko yote hunichukua siku moja na nusu pamoja na wajukuu wawili, mmoja juu ya ngazi na mwingine akishika matawi ya chini, na majani tunayarundika mbali na uani kwa sababu mengine yana madoa ya ukungu ambayo hatutaki yarudi mtini msimu ujao.

Yurea iliyokolezwa huunguza majani, ni kweli, na wenye mashamba makubwa huitumia pamoja na chumvi za shaba au zinki. Kwa mwenye miti mitatu nyuma ya nyumba, sikushauri. Ukikosea kipimo unaunguza na macho, na kosa la kipimo hutalijua mpaka mwezi wa Septemba. Ziko pia dawa za kuamsha macho zinazouzwa kwa wakulima wa nchi za joto, nazo ni kali kwa ngozi na mapafu ya mtu; uani mnapochezea watoto na kuku si mahali pake.

Mzee wa Mbale, umeligusa jambo ambalo nilikuwa nimelisahau na ambalo liliniumiza. Ndiyo, gome hupasuka. Msimu wangu wa kwanza wa kupukutisha, mti mmoja uliungua upande wa juu wa matawi yaliyolala, ganda likawa jeusi, kisha likajikunja na wadudu wakaingia. Tangu hapo ninapaka chokaa. Nachukua chokaa ya kawaida ya kupakia kuta, nachanganya na maji hadi iwe nzito kama uji wa mgonjwa, na kwa brashi kuukuu napaka shina lote na sehemu za juu za matawi makubwa, siku ile ile ya kupukutisha, kabla ya saa sita. Majani mapya yakishafunika matawi, mvua itaiosha chokaa polepole na hakuna hasara.

Kuinamisha matawi ni jambo ambalo watu wengi huliruka, na kwa maoni yangu ndilo linalotofautisha mti wa mapambo na mti wa matunda. Tawi linaloelekea mbinguni hutoa nguvu zake zote kwenye ncha. Tawi lililolazwa hugawa nguvu hizo kwa macho yote yaliyo mgongoni mwake. Nyuzi za mgomba tunazo bure. Natwaa jiwe lenye ukubwa wa ngumi mbili, nalifunga kwa nyuzi, na kulitundika kwenye tawi changa hadi liiname karibu usawa wa ardhi, bila kulishusha chini zaidi ya hapo. Uzi usikaze gome. Baada ya miezi miwili au mitatu tawi limezoea, na jiwe huhamia kwa tawi jingine. Mgeni akiingia uani kwangu mwezi wa Agosti hukuta miti mitupu, myeupe, imetundikwa mawe, na mara nyingi huuliza kama kuna msiba.

Kupogoa sitakusemea sana. Ondoa lililokufa, ondoa yanayosuguana, ondoa yale machipukizi yanayopanda wima katikati ya mti kama mikuki, na uchovye mkasi kwenye maji ya moto au spiriti unapotoka mti mmoja kwenda mwingine.

Mwanangu wa Bombo, marahaba. Nitakuambia ukweli ambao muuzaji wako hakukuambia. Bombo iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, wakati sisi tuko karibu mita 2,000, na usiku wenu ni wa joto. Kabla ya kuangalia mwinuko, tazama shina la mche kiasi cha shibiri moja au mbili kutoka ardhini. Je, kuna kifundo au kovu la mahali mche ulipounganishwa? Ikiwa shina limenyooka laini tangu udongoni, basi miche hiyo ilioteshwa kwa mbegu, nayo mbegu ya tufaha haizai mti unaofanana na mama yake, na huchukua miaka mingi kabla ya kutoa chochote. Nami niliuziwa miwili ya namna hiyo, kwa bei ya iliyounganishwa, na niliilea miaka mitano. Ikiwa kovu lipo na unajua aina ni Anna au Dorsett Golden, jaribu kwa mti mmoja mwezi huu, ukiacha mingine kama ilivyo, ili uone tofauti. Lakini usiweke matumaini ya familia hapo. Uani kwa Bombo ni mahali pa mwembe, ovakado na fenesi.

Mchangiaji aliyeko Minnesota, asili ya Jinja (9 Julai)

Shikamoo mama, na salamu kwa wote. Ninaishi Minnesota, Marekani, ambako nina mtufaha mmoja nyuma ya nyumba, aina ya Honeycrisp, iliyozalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota na kuanza kuuzwa mwaka 1991. Nimesoma uzi huu nikiwa na mawazo mengi, kwa sababu shida yangu ni kinyume cha yenu. Mti wangu unapata usingizi wote unaoutaka na zaidi. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba unaamka ukiwa mzima.

Hapa halijoto hushuka hata zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na ardhi yenyewe huwa ngumu kama saruji. Niliyojifunza kwa majirani ni haya. Mbolea ya naitrojeni haitolewi tena kuanzia katikati ya majira ya joto, ili mti usitoe machipukizi mabichi yatakayokufa baridi ikija. Maji hutolewa kwa wingi na kwa kina katika Oktoba hadi ardhi inapoanza kuganda, maana mti huendelea kupoteza unyevu wakati wa baridi na mizizi haiwezi kunywa barafu. Kisha matandazo, nayo hayagusi shina kama mama alivyosema, ingawa sababu yetu nyingine ni panya wa shambani ambao hujificha humo na kutafuna gome.

Baridi ya mwaka wa kwanza sungura waliutafuna mti wangu nusu ya mzunguko wa shina. Nilikuwa nimeweka wavu wa waya, lakini niliupima kutoka ardhini, nikasahau kwamba theluji huwapandisha sungura juu. Sasa wavu unafika kifuani. Na mzee wa Mbale atapenda kusikia kwamba sisi pia tunapaka au tunafunga shina kwa kitu cheupe. Jua la mchana wa Februari hupasha joto upande wa kusini-magharibi wa shina, majimaji yaliyo ndani ya gome yanaamka, kisha jua linazama, baridi kali inarudi ghafla, na gome linapasuka kwa urefu. Tunapogoa mwezi wa Machi, kabla macho hayajafunguka.

Mchangiaji wa Rukungiri (15 Julai)

Nimefuata ushauri wa kutomwagilia, lakini kwa ovakado zangu, na sasa matunda machanga yanadondoka kila asubuhi. Nahofia kwamba ushauri huu unaweza kuwapotosha watu.

Mwanzisha uzi, Kabale (15 Julai)

Dada, pole sana, na una haki ya kulalamika, kwa sababu nilipaswa kuandika jambo hili tangu siku ya kwanza. Tafadhali anza kumwagilia leo hii jioni.

Utaratibu wa kuulaza mti ni wa miti inayopukutisha majani: mtufaha, peasi, plamu na pichi. Ovakado ni mti wa kijani mwaka mzima, mizizi yake iko juu juu, na matunda yaliyoshika hayavumilii kiu. Mpe kila mti jerikani mbili za lita 20 mara mbili kwa wiki, ukimwaga chini ya ukingo wa matawi badala ya shinani, na uweke matandazo mapana. Ikiwa kubeba maji ni shida, toboa jerikani kuukuu tundu dogo la sindano karibu na kitako, uliweke chini ya mti, lidondoke usiku kucha. Udongo utakunywa wote bila kutiririsha. Migogwe, ambayo huku kwetu iko karibu kila ua, nayo inahitaji maji, tena isipandwe bondeni, kwa maana hewa baridi huteremka usiku na kulala huko, na nimewahi kuona migogwe ya bondeni imekuwa myeusi asubuhi wakati ya kilimani haijaguswa. Mwembe na mchungwa ziko katikati: zikiwa hazina matunda, wiki kadhaa za ukavu huzisaidia kuchanua, zikiwa na matunda, zinyweshwe.

Mwanangu wa Minnesota, marahaba, na asante kwa maelezo yako. Nimemsomea mzee jirani yangu habari za sungura na theluji, akaomba nimsomee mara ya pili.

Mchangiaji wa Kisoro (29 Agosti)

Narudi kutoa taarifa kama nilivyoahidi moyoni. Nilipukutisha miti miwili tarehe 4 Agosti, mmoja nikauacha kwa makusudi. Siku mbili za kazi, mabega yaliniuma. Nikapaka chokaa, nikatundika mawe, kisha nikaanza kumwagilia jerikani mbili kwa kila mti kila baada ya siku tatu, pamoja na debe moja la samadi iliyooza kwa kila mti. Siku ya kumi na mbili macho yalianza kuvimba na kuonyesha ncha ya kijivu. Leo miti yote miwili ina maua, ya waridi kwa nje na meupe kwa ndani, na hata lile tawi moja nililodhani ni gonjwa limetoa vishada vinne karibu na kitako chake. Mti wa tatu una majani yale yale ya zamani, yenye madoa, na vishada viwili tu.

Swali langu sasa: Anna ni huo mmoja, na mwingine uliochanua sijui aina yake. Je, matunda yatashika? Na nimewaona vidukari kwenye majani machanga, nipulize dawa?

Mwanzisha uzi, Kabale (30 Agosti)

Ndugu yangu, umenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Kwangu maua yalifunguka juzi, na leo saa nne asubuhi nilisimama chini ya mti nikasikia nyuki kabla sijawaona.

Usipulize dawa yoyote ya wadudu sasa. Nyuki ndio wanaobeba chavua kutoka mti mmoja kwenda mwingine, na Anna ikiwa peke yake huzaa kidogo sana. Vidukari waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, jioni baada ya nyuki kurudi mzingani, ukielekeza kwenye majani tu na kuacha maua. Mti wako wa pili, maadamu umechanua siku zile zile na si Anna, unaweza kabisa kuisaidia. Ili kuwa na uhakika, kata kitawi chenye maua kutoka kwa jirani mwenye Dorsett Golden, kitie kwenye chupa ya maji, na ukitundike katikati ya mti wa Anna kwa siku tatu au nne wakati maua yamefunguka. Nami nilifanya hivyo kabla sijapanda mti wa aina ya pili, na matunda yalishika.

Endelea na maji mpaka mvua ishike. Matunda yakifika ukubwa wa punje ya njugu mawe, acha moja au mawili kwenye kila kishada na uyaondoe mengine, ili yaliyobaki yanenepe na tawi lisivunjike. Ule mti wa tatu usiuguse sasa, mvua iko mlangoni. Usafishe majani yaliyoanguka chini yake, uupe samadi kama wenzake, na uungoje mwishoni mwa Januari, ukavu utakaporudi.